MAISHA YA GEORG SIMON OHM, MWALIMU WA SEKONDARI ALIYEPIMA UMEME



Safari hii, katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wakubwa, sitawaletea mfalme wala mkuu wa vita. Ninawaletea mwalimu wa sekondari. Alifundisha hesabu na fizika sawasawa na walimu wetu, na jina lake mnalisoma mara nyingi bila kujua kama ni jina la mtu. Geuzeni spika yoyote, ile ya gari ao ile ya kwaya, mtazame nyuma, kwenye sumaku. Mtaona namba 4 ao 8, na kando yake alama ya Kigiriki inayofanana na kiatu cha farasi. Fundi ataisoma: omu nne, omu nane. Ile omu ni Georg Simon Ohm mwenyewe.

Mwenye kuelewa ile namba anaweza kufunga spika mbili, tatu ao nne kwenye ampli moja bila hasara. Asiyeielewa ataunguza ampli katikati ya ndoa, wageni wote wakimtazama. Basi tusome kwanza maisha ya mtu, kisha tutaona namba yake inatusaidia namna gani.

MTOTO WA FUNDI WA KUFULI

Georg alizaliwa tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka 1789, katika mji wa Erlangen, ambao leo uko katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Waprotestanti. Baba yake, Johann Wolfgang Ohm, alikuwa fundi wa kufuli. Mama yake alikuwa binti wa mshonaji wa nguo. Walizaa watoto saba, lakini waliokomaa ni watatu tu: Georg, mdogo wake Martin, na dada yao. Mama alikufa mwaka 1799, Georg akiwa na miaka kumi.

Yule baba hakusoma masomo makubwa, lakini alikuwa mtu wa kujifundisha mwenyewe. Alisoma vitabu mpaka akaweza kuwafundisha watoto wake hesabu, fizika, kemia na filozofia, pale pale nyumbani. Georg alipokuwa na miaka kumi na mitano, profesa mmoja wa Erlangen, jina lake Langsdorf, alimpima na kushangaa. Akaona nyumba ya fundi wa kufuli inaweza kutoa watu wa hesabu sawasawa na ile familia ya Bernoulli iliyosifiwa Ulaya nzima. Na kweli, Georg na Martin wote wawili walikuwa watu wa hesabu.

Mwaka 1805 Georg aliingia iniversite ya Erlangen. Hapa wandugu msicheke sana: kijana alipenda kucheza dansi, kucheza biliardi na kuteleza juu ya barafu kuliko kukaa na vitabu. Baba akakasirika. Aliona mtoto anachezea nafasi ambayo yeye mwenyewe hakuipata. Nyuma ya semestre tatu tu, Georg akatoka iniversite na kutumwa Uswisi. Mwezi wa tisa 1806 akaanza kufundisha hesabu katika masomo ya Gottstadt, karibu na mji wa Nidau. Alikuwa na miaka kumi na saba, ni kusema mdogo kuliko wafinalisti wengi wa kwetu.

Kule Uswisi hakuacha kusoma. Mwaka 1809 alihamia Neuchâtel kuwa mwalimu wa watoto nyumbani, na saa zake zote za bure alizitia katika vitabu vya hesabu. Mwaka 1811 alirudi Erlangen, na tarehe 25 mwezi wa kumi akapata udaktari. Aliyefukuzwa na dansi alirudishwa na vitabu.

MWALIMU ASIYE NA PAHALI

Msifikiri kama nyuma ya udaktari mambo yalikuwa mepesi. Alifundisha semestre tatu kwenye iniversite, lakini mshahara ulikuwa kidogo na hakuona njia ya kupanda. Mwaka 1813 akakubali kufundisha katika nyumba ya masomo ya Bamberg, na haikuwa nyumba ya sifa. Mwaka 1816 ikafungwa. Georg akatumwa kusaidia masomo mengine ya mji ule ule, ambako wanafunzi walikuwa wengi kupita kiasi.

Katika taabu ile aliandika kitabu cha jiometri kwa wanaoanza, akapeleka kopi kwa mfalme wa Prussia. Mwaka 1817 akaitwa kufundisha hesabu na fizika katika masomo ya sekondari ya Köln. Masomo yale yalikuwa ya Majezuiti zamani. Mprotestanti akaingia kufundisha katika nyumba ya Wakatoliki, na kule akakuta kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: labo ya fizika yenye vyombo vizuri.

Mwaka 1820 habari kubwa ilitoka Denmark. Mtu mmoja, Ørsted, alionyesha kama waya wenye umeme unaweza kugeuza sindano ya dira. Wataalamu wa Ulaya yote wakaanza kujaribu. Ohm naye akaanza, usiku na siku za mapumziko, maana mchana alikuwa na madarasa. Swali lake lilikuwa jepesi kusema: waya ukiwa mrefu, umeme unaopita unapungua kwa kadiri gani?

Mwaka 1825 aliandika jibu lake la kwanza. Kumbe jibu lile halikuwa sawa. Batri za wakati ule zilikuwa na shida: zikiwashwa zina nguvu, nyuma ya dakika chache nguvu inashuka. Utapima nini kwa kipimo kinachobadilika? Poggendorff, aliyesimamia gazeti kubwa la fizika kwa Wajerumani, akamshauri aache batri na kutumia chuma mbili tofauti zilizounganishwa, upande mmoja ukiwa moto na mwingine baridi. Namna hiyo ya kupata umeme ilivumbuliwa na Seebeck mwaka 1821. Umeme wake ni mdogo, lakini hautetemeki.

Ohm akafuata shauri. Alichukua bismuthi na shaba, upande mmoja akautia kwenye maji yanayochemka, upande wa pili kwenye barafu. Akatayarisha waya nane za shaba, unene mmoja, urefu mbalimbali: wa kwanza mfupi kama kidole, wa mwisho zaidi ya metre 3. Juu akatundika sindano ya sumaku kwa uzi mwembamba wa chuma. Umeme ulipogeuza sindano, yeye aliusokota uzi mpaka sindano irudi pahali pake, na kusoma amesokota kadiri gani. Alifanya hivyo kwa waya moja moja, akarudia, akarudia tena. Mwaka 1826 namba zote zikakaa katika sheria moja.

Sheria ile ndiyo tunayoandika leo katika daftari ya fizika: volti gawanya kwa omu, unapata ampea. Volti ni nguvu inayosukuma. Omu ni ugumu wa njia, ule ambao kitabu kinauita rezistansi. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Njia ikiwa ngumu mara mbili, umeme unakuwa nusu. Njia ikirahisishwa mara mbili, umeme unakuwa mara mbili.

KITABU KILICHOMTOA KAZINI

Mwaka 1827 Ohm alitoa kitabu chake kule Berlin, akiwa amepewa ruhusa ya mwaka mmoja kwa nusu ya mshahara, anakaa na mdogo wake Martin. Alitumaini kama kitabu kitamfungulia mlango wa iniversite. Haikuwa hivyo. Wengine hawakukielewa, sababu kilijaa hesabu, na watu wa fizika kwa Wajerumani hawakuzoea kuchanganya hesabu na majaribio. Wengine walikishambulia kabisa.

Ohm aliumia sana rohoni. Mwaka 1828 akaacha kazi ya Köln, na kwa miaka kadhaa akaishi Berlin kwa kufundisha saa chache huku na huku. Mwenye kuvumbua sheria ya umeme alikuwa bila kazi ya maana. Mwaka 1833 tu ndipo alipata nafasi katika masomo ya politekniki ya Nürnberg.

Lakini watu wengine walianza kupima wenyewe. Fechner, wa mji wa Leipzig, alirudia vipimo na kuona namba zinakubaliana na Ohm. Mwaka 1841 Royal Society ya London ikampa medali ya Copley, na mwaka uliofuata ikamfanya memba wake wa kigeni. Sifa ilitoka mbali mbele ya kutoka nyumbani. Mwaka 1849 aliitwa München, na mwaka 1852 akapewa kiti cha profesa wa fizika, kile alichokitamani tangu ujana. Alikikalia miaka miwili tu. Alikufa tarehe 6 mwezi wa saba 1854, akiwa na miaka sitini na mitano. Hakuoa, hakuacha mtoto.

Mwaka 1881, katika mkutano mkubwa wa umeme kule Paris, mataifa yalikubaliana kuita kipimo cha ugumu wa njia kwa jina lake. Hata hivyo kuna jambo moja la kukumbuka. Mwingereza Cavendish alikuwa ameona jambo hilo hilo mwaka 1781, lakini aliliacha katika daftari zake, likatangazwa mwaka 1879, yeye akiwa amekufa zamani. Kujua peke yako, bila kuwaambia wengine, ni sawasawa na taa chini ya kitanda.

NAMBA NYUMA YA SPIKA

Sasa turudi kwenye spika. Spika ya kisasa ina koili ndogo ya waya ndani ya sumaku. Umeme wa ampli unakwenda na kurudi katika koili, koili inasukuma karatasi, karatasi inasukuma hewa, nasi tunasikia besi. Kwa sababu umeme ule unakwenda na kurudi, ugumu wake si wa waya tu. Koili nayo inapinga mabadiliko. Ugumu wote pamoja unaitwa impedansi, neno lililotungwa na Mwingereza Heaviside mwaka 1886. Lakini kipimo chake ni kile kile: omu. Ndiyo maana mkipima spika ya omu 4 kwa multimita, mtaona namba ya chini kidogo, kama 3,4. Spika si mbovu. Multimita inapima waya tu.

Tufikirie kanisa lenye watu wengi na mlango mmoja. Ibada ikiisha, watu wanatoka polepole. Fungua mlango wa pili kando ya ule wa kwanza, upana ule ule: watu wanatoka mara mbili kwa dakika moja. Njia imekuwa rahisi. Hivyo ndivyo inavyokuwa kufunga spika mbili sambamba, ni kusema chanya zote pamoja na hasi zote pamoja. Omu 4 na omu 4 sambamba hazifanyi 8, zinafanya 2. Watu wengi wanaanguka hapa. Wanafikiri kuongeza spika ni kuongeza ugumu, kumbe wamefungua mlango.

Sasa fikirieni milango miwili iliyofuatana katika korido moja, mtu apite wa kwanza kisha wa pili. Ugumu unaongezeka. Hiyo ndiyo kufunga kwa kufuatana: chanya ya ampli kwenye chanya ya spika ya kwanza, hasi ya kwanza kwenye chanya ya pili, na hasi ya pili inarudi kwenye hasi ya ampli. Hapa 4 na 4 zinafanya 8.

Tupige hesabu ya mwalimu Ohm. Tuseme ampli inasukuma kwa volti 12. Kwa omu 4 zinapita ampea 3, na kazi yake ni wati 36. Kwa omu 2 zinapita ampea 6, wati 72. Kwa omu 1 zinapita ampea 12, wati 144. Kijana anafurahi: besi imekuwa kubwa! Lakini zile ampea zote zinapita pia ndani ya tranzista za ampli, na zinazitia moto. Kama ampli ilitengenezwa kwa omu 4 na umeipa omu 1, unaidai mara nne ya umeme iliotengenezewa. Ikiwa na bahati, fyuzi inakatika. Ikiwa bila bahati, tranzista zinaungua, na harufu yake wengi wetu tunaijua. Ubaya ni kwamba haiungui papo hapo. Inapiga wimbo wa kwanza vizuri, wa pili vizuri, na watu wote wanasema fundi ni hodari.

Basi zishikeni hizi kanuni. Nimeziandika kwa ufupi kusudi hata wadogo wa darasa la kwanza wazielewe.

Moja. Mbele ya kufunga kitu chochote, soma nyuma ya ampli ama kitabu chake, namba ndogo kabisa ya omu inayoruhusiwa. Jumla ya spika zako isishuke chini ya namba ile. Ikipita juu, hakuna hatari kwa ampli ya tranzista. Sauti itapungua tu.

Mbili. Spika zilizo sawa zikifungwa sambamba, gawa omu ya moja kwa hesabu ya spika. Nane mbili ni 4. Nne mbili ni 2. Nne nne ni 1.

Tatu. Zikifungwa kwa kufuatana, jumlisha.

Nne. Zisipokuwa sawa na ziko sambamba, zidisha namba mbili, kisha gawa kwa jumla yake. Omu 4 na omu 8: 32 gawanya kwa 12, ni omu 2 na theluthi mbili. Tazameni, jibu ni dogo kuliko hata ile ndogo.

Tano. Ukiwa na spika nne za omu 4 na ampli ya omu 4, usikate tamaa. Funga mbili kwa kufuatana, unapata 8. Funga mbili zingine vile vile, 8. Kisha unganisha yale makundi mawili sambamba: 4. Spika nne, na ampli inaona kama moja.

Sita. Spika kubwa za besi za gari, zile vijana wanaita subufa, mara nyingi zina koili mbili ndani. Kila koili ihesabu kama spika moja. Koili mbili za omu 4 zinaweza kutoa 8 ao 2, kadiri ya ufungaji wako.

Saba. Kuna ampli zinazoruhusu kuunganisha upande wa kushoto na wa kulia kusudi zisukume spika moja pamoja. Hapo kila upande unaona nusu tu ya omu za ile spika. Spika ya omu 4 kwa kila upande ni kama omu 2. Juu ya hiyo, namba inayoruhusiwa kwa kuunganisha ni nyingine, nayo imeandikwa kwenye ampli. Isome.

Nane. Kumbukeni waya nane za Köln. Waya mrefu na mwembamba nao una omu zake, na unakula sauti njiani. Kwa besi, waya uwe mnene na mfupi.

TUNAJIFUNZA NINI

Wandugu, Ohm alikosa mwaka 1825, na kosa lake lilichapwa mbele ya watu wote. Hakulitetea. Alibadilisha chombo, akapima upya, na mwaka mmoja tu baadaye akapata ukweli. Kisha, alipokuwa na ukweli mkononi, wakubwa walimkataa. Hakubadilisha namba ili wampende. Alingojea. Kutoka kitabu cha 1827 mpaka kiti cha 1852 ni miaka ishirini na mitano, zaidi ya umri wa kila mwanafunzi wa hapa.

Ninasema hivi kwa sababu kwetu tuko na desturi ya kufunga kwanza na kuhesabu nyuma. Mwenye sauti kubwa anasema waya huu uende hapa, nasi tunafuata. Lakini ampli haijui nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Haijui kama feza yake ilichangwa na wamama wa kanisa kwa mwaka mzima. Inajua omu tu. Kwa hiyo, kama wewe ni mdogo wa darasa la pili na umehesabu ukaona 2 pale panapotakiwa 4, sema, kwa heshima, mbele ya kuwasha. Na sisi wakubwa tukubali kusikiliza na kuhesabu pamoja nawe. Karatasi na kalamu ni bei ndogo kuliko ampli.

Wafinalisti wenzangu, hii sheria tutaikuta tena kwenye Ekzameni ya Serikali. Tusiikariri kama kasuku. Nyuma ya zile herufi tatu kuna mwalimu mmoja wa sekondari, na waya nane, na barafu, na maji yanayochemka.

Ndugu yenu,
Mkubwa wa wanafunzi, darasa la mwisho